Besi Hana Wimbo

Babu yangu alipiga besi katika kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu, huku Lushoto, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki kumsikia akipiga wimbo hata siku moja. Wimbo walipiga wengine, wale wa sauti ya kwanza, vijana wenye tarumbeta zinazong'aa ambao wasichana wote waliwajua kwa majina. Babu alikaa nyuma na tuba lake, dude la shaba lililobonyea ubavuni, akatoa noti moja, akanyamaza, akatoa nyingine. Jioni alifanya mazoezi uani peke yake. Sisi wajukuu tuliligeuza kuwa mchezo: sikiliza ile besi tupu, kisha bahatisha ni wimbo gani kitabuni. Tulikosa karibu kila mara. Bibi, akiwa jikoni na moshi wake, alitaja namba ya wimbo kabla mstari wa pili haujaisha.

Naanza na babu kwa sababu nataka kuandika juu ya basuni, na sina njia nyingine ya kufika huko isipokuwa kupita uani kwake.

Basuni nilikutana nalo ndani ya Coaster, kati ya Mombo na Soni, pale kona zinapoanza na abiria wageni wanaomba dirisha lifunguliwe. Rafiki yangu anayesoma muziki alinitumia rekodi kwa WhatsApp, na chini yake akaandika tu: sikiliza, halafu niambie ni chombo gani. Sauti ilianza peke yake, juu, imebana kidogo, kama mtu anayeimba akiwa na mafua, ikizungukazunguka kwenye noti chache bila haraka yoyote. Nikamjibu: zumari. Akanitumia vikaragosi vya kucheka mstari mzima. Kisha akaeleza kwamba hilo ni basuni, na kwamba nilichosikia ni mwanzo wa Le Sacre du printemps ya Igor Stravinsky, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 29 Mei 1913.

Alicheka bure, maana sikuwa nimekosea sana. Basuni na zumari ni wa ukoo mmoja. Vyote viwili hupulizwa kupitia ulimi wenye tabaka mbili nyembamba zilizofungwa pamoja. Pumzi ikipita katikati, tabaka hizo hugongana, na mgongano huo ndio sauti. Zumari la pwani, lile la kirumbizi na la harusi, lina bomba fupi na mlio mkali unaovuka mtaa mzima. Basuni lina bomba la mbao la karibu mita mbili na nusu, likakunjwa ili mtu aweze kulishika, likatobolewa matundu na kuwekewa vibonyezo vingi kiasi kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto peke yake kinasimamia kama tisa. Waitaliano huliita fagotto, yaani furushi. Nilipoona picha ya basuni lililofunguliwa vipande vipande mezani, nilifikiria mzigo wa kuni wa mama anayeshuka kutoka Magamba.

Katika okestra, kwa muda mrefu, kazi ya basuni ilikuwa kazi ya babu. Lishike chini, wengine waimbe. Si kwamba halikuwahi kupewa nafasi: Vivaldi aliliandikia konseto 37 ambazo zimetufikia zikiwa kamili, na Mozart aliliandikia yake mwaka 1774 akiwa na miaka 18. Lakini karne ya 19, ambayo iliabudu piano na fidla, ililirudisha kwenye kiti cha nyuma na kulipa kazi mbili hasa, yaani kuijaza besi na kuchekesha watu. Sifa ya kuchekesha ililifuata hadi karne iliyofuata. Mwaka 1936 Sergei Prokofiev alipotunga hadithi ya watoto ya Petro na mbwa mwitu, ambayo kila mhusika ana chombo chake, ndege alipewa filimbi, bata alipewa oboe, na basuni likawa babu: mzee mnung'unikaji anayetembea taratibu akimfokea mjukuu. Hapo nilicheka peke yangu.

Sasa rudi Paris mwaka 1913. Stravinsky alichukua chombo hiki cha chini akakipeleka juu, mahali ambapo wapigaji wengi wa wakati huo hawakupenda kukaa, akakiacha kianze peke yake bila hata ngoma ya kukiunga mkono. Wimbo wenyewe hakuutunga. Aliuchukua kutoka kitabu cha nyimbo za asili za Lithuania zilizokusanywa na padri mmoja aitwaye Juszkiewicz. Alitaka sauti ya mabomba ya kijijini, yale ambayo wakulima na wachungaji huyapuliza majira ya kuchipua yanapofika. Vurugu za ukumbini usiku ule zimesimuliwa mno, sitazirudia. Kilichonikaa mimi ni hiki: sauti mpya kuliko zote mjini Paris mwaka ule ilikuwa chombo cha kisasa, chenye vibonyezo na vyeti vya viwanda, kikijitahidi kusikika kama filimbi ya mchungaji asiye na kiatu.

Mwaka huohuo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Ndipo wakubwa wa koloni walipopanda kukimbia joto la pwani. Wamisionari walikuwa wameshatangulia: Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891 na kupaita Hohenfriedeberg, kisha vikafuata vituo vya Mtae, Vuga, Lutindi na Bumbuli. Chama chao cha misheni kilifungamana na Bethel, ile jumuiya ya karibu na mji wa Bielefeld iliyoanzishwa mwaka 1867 kuwatunza watu wenye kifafa. Na Bethel, kwa bahati, ilikuwa pia makao ya mtu aliyepagawa na vyombo vya shaba.

Mtu huyo alikuwa mchungaji Johannes Kuhlo. Alizaliwa mwaka 1856, na kuanzia mwaka 1893 alisimamia pale Bethel nyumba ya mashemasi, vijana waliofundishwa kuhudumia wagonjwa na maskini, ambao baadhi yao walitumwa hadi milima yetu. Watu walimwita jenerali wa tromboni. Imani yake kuhusu muziki ilikuwa rahisi: vyombo vya shaba visipige kama jeshi, viimbe kama kwaya. Soprano, alto, tena, besi. Kila mpigaji ashike sauti yake, na sauti iwe laini kama ya koo la mtu. Mafundi, wakulima na watoto wa shule wangeweza kujifunza pamoja, wakasimama nje ya kanisa au makaburini na kupiga tenzi bila kinanda. Ni haki kuongeza kwamba uzeeni mzee huyu alimshabikia Hitler. Muziki mtamu haukumzuia.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini milima hii ina kwaya za tarumbeta wakati hakuna usharika wenye basuni, jibu moja ni ukoo wa misheni. Jibu lingine ni la vifaa, na mimi nalipenda zaidi kwa sababu linaonyesha jinsi historia ya muziki inavyoamuliwa na mambo madogo kama ukungu. Tarumbeta ni bomba la shaba na vibonyezo vitatu. Likianguka, linabonyea na bado linalia. Likipasuka, fundi mwenye risasi ya kulehemu analifunga. Mvua ya masika hailidhuru. Kijana akijua sauti tano anamfundisha mwenzake jioni hiyohiyo. Basuni linataka mwalimu miaka na miaka, na linataka ulimi mpya kila baada ya wiki chache, uchongwe kwa kisu kutoka kwenye tete la jamii inayolimwa sana kusini mwa Ufaransa. Mbao zake zinahofia unyevu. Basuni zuri bei yake ni ya gari. Hata mti wetu halikuuhitaji. Mpingo wetu, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, husafirishwa kutoka misitu ya kusini kama Kilwa ukawa klarineti na oboe za dunia nzima. Basuni huchongwa kwa mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Ndugu zake wa karibu walikuwa na deni kwetu. Lenyewe halikuwa na sababu ya kutujua.

Zumari nalo halikupanda mlima. Linalia huko chini, kwenye nchi ya minazi na maulidi, na watu wa misheni walilijua zaidi kama neno la Biblia. Limo kwenye orodha ya vyombo vya Nebukadneza katika kitabu cha Danieli, sura ya tatu, mahali ambapo likilia unatakiwa kuanguka kifudifudi mbele ya sanamu. Sidhani kama hilo lililisaidia.

Niseme ukweli ambao watu wa kwaya yetu hawapendi kuusikia siku ya Jumapili. Shaba haikuja peke yake. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga, makao ya ufalme wa Wasambaa ambako Krapf alimkuta Kimweri mwaka 1848. Mwaka huohuo kituo cha misheni kilifunguliwa Vuga. Sisemi mmoja alimtuma mwingine. Nasema mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule aliviona vyote viwili, na sijui kichwani mwake aliviweka vyumba tofauti namna gani. Huko pwani vyombo vya shaba vilikuwa vya gwaride, na watu wa miji walivigeuza haraka kuwa beni, ngoma ya kushindana kwa sare, vyeo na mbwembwe, iliyoanzia upande wa Lamu na Mombasa na kusambaa Tanganyika yote pamoja na askari wa Vita ya Kwanza. Beni ilimcheka mzungu huku ikimuiga. Kwaya ya tarumbeta haikucheka. Ilishika noti zake na kusubiri ishara ya mwalimu.

Ndiyo maana simfoni ya tisa ya Dmitri Shostakovich ilinivuruga. Mwaka 1945, vita ilipoisha, wakubwa wa Urusi walitarajia kazi kubwa ya ushindi, yenye kwaya na kishindo, kama tisa ya Beethoven. Shostakovich akawaletea kitu cha chini ya nusu saa, chepesi, chenye utani. Lakini karibu na mwisho kuna sehemu fupi ya polepole. Tromboni na tuba zinapiga kwa pamoja, nzito, kama tangazo la serikali linalosomwa redioni. Zinanyamaza. Kisha basuni, peke yake, linajibu taratibu, kama mtu aliyesimama kutoa rambirambi ambaye hajapanga maneno. Tangazo linarudi. Basuni linajibu tena, refu zaidi, na halilii kwa sauti. Halafu bila kupumzika basuni lilelile linabadili uso na kuanza kuchekesha, na sehemu ya mwisho inaanza kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1948 simfoni hiyo iliingizwa kwenye orodha ya kazi zilizopigwa marufuku. Nadhani walielewa.

Mara ya kwanza nilipoisikiliza nilikuwa upande wa basuni, kama ambavyo mtu yeyote angekuwa. Mara ya pili nikashtuka. Lile tuba linalotangaza ni tuba la babu.

Nililibeba jambo hilo kwa miezi. Nililibishania kichwani nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni ya benki. Babu alikuwa upande gani? Alifundishwa na watu waliofundishwa na Wajerumani; alipiga nyimbo za Wajerumani, kwa mpangilio wa Wajerumani; kwenye ngoma za ukoo wake hakugusa kitu. Ningeweza kuandika makala kali sana juu yake, na ningepata watu wengi wa kuisambaza.

Lakini makala hiyo isingeeleza kilichotokea baada ya Wajerumani. Waliondolewa baada ya Vita ya Kwanza, wakarudi, wakaondolewa tena vita ya pili ilipoanza. Makanisa hayakufungwa. Wainjilisti na walimu wa hapahapa waliyaendesha, na mwaka 1963 kanisa la Usambara na Digo likaungana na mengine kuwa KKKT. Shaba zilibaki mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewaambia wapige lini. Wao wenyewe ndio walioamua kwamba tarumbeta ni ya alfajiri ya Pasaka makaburini, na ya msiba. Nimekua nikijua kwamba tarumbeta zikisikika Jumatano mchana upande wa pili wa bonde, kuna mtu anazikwa, na mama anaacha jembe kusikiliza ni upande wa nani. Hiyo si sauti ya tangazo la serikali. Katika milima hii shaba ndiyo inayofanya kazi ambayo Shostakovich alilipa basuni.

Kuna kipande kingine cha basuni ambacho nakipenda kuliko hivyo vyote, na hakina siasa. Camille Saint-Saëns alikuwa mzee wa miaka 85 mwaka 1921, amepitwa na wakati, anachekwa na vijana. Aliandika katika barua kwamba anatumia nguvu zake za mwisho kuvipa muziki vyombo ambavyo havina wa kutosha. Akatunga sonata ya oboe, kisha ya klarineti, kisha ya basuni na piano, namba 168 katika orodha ya kazi zake, akamtunuku Léon Letellier aliyepiga basuni katika opera ya Paris. Watu hupenda kusimulia kwamba mzee huyu alitoka ukumbini kwa hasira mwaka 1913 aliposikia Stravinsky anavyolitesa basuni. Hadithi ni tamu lakini wenye kufuatilia wanaitilia shaka sana. Ninachoamini mimi ni sonata yenyewe. Inaanza kwa upole, piano inatiririka chini, na basuni linaimba juu yake. Linaimba tu. Hakuna anayechekeshwa, wala halimuigi mchungaji. Ni kama mtu aliyekaa kimya kikaoni miaka hamsini ameombwa aseme neno, na kumbe alikuwa nalo. Desemba 16 mwaka huohuo Saint-Saëns alifariki Algiers, mji aliokuwa ameuzoea kwa miaka mingi. Nilifurahi kujua kwamba alifia bara hili, ingawa najua hoteli aliyofikia haikuwa ya watu kama sisi.

Babu alifariki mwezi wa Julai, wakati wa baridi, ukungu umelala mpaka saa nne. Kwaya ilikuja yote. Tuba lilikuja pia, wakaliweka juu ya kiti, kwa sababu kijana aliyekuwa akifundishwa kulipiga alikuwa ameshakwenda Dar kutafuta maisha na hapakuwa na mwingine. Wakaanza kupiga sauti tatu.

Sijui niieleze vipi. Noti zote za wimbo zilikuwepo, na wimbo haukuwepo. Ulining'inia. Watu walianza kutazamana, hata wale ambao hawajui soprano ni nini, kwa sababu kitu walichokuwa wakikisikia kila wiki bila kukisikia kilikuwa kimetoka. Ubeti wa pili mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyewahi kuimba kwaya enzi zake, akaanza kuitoa ile besi kwa mdomo uliofungwa, mm, mm, mm. Mwingine akamfuata. Ubeti wa tatu wazee karibu wote walikuwa wanaivuma. Walikuwa wanaijua. Miaka yote ile walikuwa wanaijua.

Desemba niliporudi nyumbani nilimkuta bibi uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwekea simu kwenye kigoda, nikamwambia kuna mzee wa Ufaransa aliyetunga wimbo kwa ajili ya wapiga besi. Akaendelea kuchambua. Sehemu ya kwanza ilipita, ya pili, ya haraka haraka, hakuijali. Ilipofika ile ya polepole mikono yake ikasimama. Katika rekodi ile mtu wa basuni anasikika akivuta pumzi kabla ya kila sentensi, kwa nguvu, kupitia pembe za mdomo.

"Anavuta pumzi kama babu yako," alisema.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatupa kokoto moja pembeni na kuniuliza ni wimbo namba ngapi.

Nikamwambia mia moja sitini na nane.